Mashine ya Nyasi ya Kukalia kwenye Ardhi Korofi

Kila msimu wa mvua swali hurudi kwenye kamati za shule, parokia, hoteli za nje ya mji, na kwa wasimamizi wa vile viwanja vidogo vya ndege ambavyo njia zake ni nyasi tupu: tuendelee kuita vibarua wenye mafyekeo, au tununue mashine ya kukalia? Wanaoamua kununua huanzia karibu kila mara mahali pamoja. Huuliza injini ina nguvu za farasi ngapi. Swali hilo limepoteza fedha za watu wengi, maana kwenye ardhi korofi injini siyo inayokufa kwanza. Kinachotangulia kufa ni deki, yaani lile boma la chuma linalofunika visu, kisha shafti za visu, ekseli ya mbele na giaboksi. Anayechagua kwa kuisoma ardhi yake atanunua mashine tofauti na anayechagua kwa kuhesabu farasi, na pengine atatambua kwamba mwaka huu hapaswi kununua kabisa.

Ardhi korofi ninayoizungumzia inajulikana na kila aliyewahi kutunza uwanja huku kwetu. Ni mteremko wenye mitaro iliyochimbwa na maji ya mvua, vichuguu vigumu kama saruji, visiki vya mikaratusi vilivyokatwa sentimita kumi juu ya ardhi halafu vikasahauliwa, mawe yanayochomoza upya kila masika, na katikati ya yote hayo nyasi zilizofika magotini.

Mashine hizi hazikuzaliwa kwa ajili ya mahali kama hapo. Edwin Budding, fundi wa Stroud huko Uingereza, alipata hataza ya mashine ya kwanza ya kukata nyasi mwaka 1830, akifuata mfano wa mtambo wa viwandani uliokuwa ukinyoa manyoya ya juu ya kitambaa cha sufu. Mwaka 1963 John Deere wakatoa trekta dogo la Model 110, lililokusudiwa wenye nyumba wa Marekani. Nyua za nyumba hizo husawazishwa, zikapandwa mbegu, zikakatwa kila wiki. Sehemu kubwa ya mashine zinazouzwa leo kwa bei ya chini bado zimeundwa kwa uwanja wa namna hiyo, na bati lake jembamba linalisema hilo wazi. Nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na ambazo zimesambazwa hadi Australia, Afrika Kusini na California, hufuma mkeka mzito unaoilemea mashine nyepesi hata pale ardhi ilipo tambarare.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuutembea uwanja kwa miguu, kiangazi, nyasi zikiwa fupi na zimekauka. Kila kisiki, jiwe na bomba la maji liwekewe kijiti chenye kitambaa chekundu. Baada ya hapo hesabu vijiti. Vikiwa vichache, vichimbue kabla mashine haijafika. Vikiwa vingi mno, fedha za mashine zitumike kwanza kwenye ardhi: vichuguu vivunjwe na kusawazishwa, visiki ving'olewe, mitaro ijazwe udongo na kupandwa nyasi. Najua hakuna kamati inayopenda kupiga picha mbele ya shimo lililofukiwa, lakini hayo ndiyo matengenezo ya bei nafuu kuliko yote yatakayowahi kufanywa kwa mashine hiyo.

Mteremko nao upimwe, usikadiriwe kwa macho. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1 na pima maji. Laza ubao ukielekea chini ya mteremko, ncha ya juu ikigusa ardhi, kisha inua ncha ya chini mpaka povu la pima maji litulie katikati. Pima nafasi kati ya ncha hiyo na ardhi. Ikiwa karibu sentimita 27, umefika digrii 15, na huo ndio mpaka ambao watengenezaji wengi huuandika kwenye mashine zao za kukalia. Wengine huishia digrii 10, yaani kama sentimita 18. Palipozidi hapo ni pa fyekeo au mashine ya begani, na palipo chini ya hapo mashine ya kukalia ipande na kushuka moja kwa moja, isikate kwa ubavu, kwa sababu huanguka upande kwa wepesi. Nyasi zikiwa na umande hata mteremko mdogo huteleza.

Sasa deki. Zipo za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni bati moja lililokandamizwa kwa presi likapata umbo, unene wake mara nyingi kati ya milimita 2 na 3. Ya pili imeundwa kwa sahani za chuma zilizokatwa na kuchomelewa, unene wa milimita 3 na nusu hadi 4 na nusu, na kingo zake huongezewa chuma. Kwa uwanja wenye mawe sioni sababu ya kununua ya kwanza, labda kama umeshasafisha ardhi kama nilivyoeleza. Hata hivyo unene peke yake haumalizi mambo. Inama uangalie pale shafti ya kisu inaposhikiliwa. Kwenye mashine nyepesi nyumba ya beringi ni ya aluminiamu, imefungwa kwa bolti zinazojichongea nyuzi zenyewe ndani ya aluminiamu hiyo. Kisu kikigonga kisiki mara mbili tatu, nyuzi hukwanguka, nyumba ya beringi huanza kucheza, na tundu kwenye bati hupanuka. Kwenye mashine nzito nyumba hiyo ni ya chuma cha kalibu, bolti zinapita mpaka upande wa pili na kufungwa kwa nati, na pana nipeli ya grisi inayofikika bila kufungua deki. Tofauti hiyo huonekana kwa dakika moja, na ina thamani kuliko farasi watano wa ziada.

Upana wa deki unapaswa kupungua kadiri ardhi inavyozidi kuwa mbaya. Deki ya inchi 54 ikipita juu ya kibonde, upande mmoja huning'inia na mwingine hunyoa udongo. Ya inchi 42 hufuata ardhi vizuri zaidi, na injini ileile huwa na nguvu zaidi kwa kila kisu. Magurudumu madogo yaliyofungwa kwenye kingo za deki husaidia kuiinua inapokutana na mwinuko, na mashine ya ardhi korofi isiwe nayo chini ya manne. Mpangilio wa mashine nzima nao una maana. Trekta dogo la kawaida lina deki katikati ya magurudumu, hivyo dereva hukiona kisiki halafu kikapotea chini ya boneti. Mashine za kugeukia papo hapo, zenye levya mbili badala ya usukani, ni za kasi na zinapendeza kwenye tambarare, lakini magurudumu yao ya mbele huzunguka bila kuongozwa, na kwenye mteremko wenye unyevu uzito unaweza kuivuta mashine kokote. Nisingeipeleka shule ya mlimani. Zilizo na deki mbele, kama Rider za Husqvarna na baadhi ya Stiga, humwezesha dereva kuona kisu kinakwenda wapi, na zipo zinazoendeshwa kwa magurudumu yote manne. Bei yake inauma. Kwa uwanja wenye vizuizi vingi ndizo ningezitafuta kwanza, hata kama ni zilizotumika.

Kisu chenyewe hupuuzwa. Kiwango cha usalama cha Marekani kinaruhusu ncha ya kisu kwenda hadi futi 19,000 kwa dakika, ambazo ni karibu kilomita 350 kwa saa. Kwa kasi hiyo kokoto ni risasi, na ndiyo maana kile kifuniko cha pembeni kinakotemewa nyasi hakipaswi kung'olewa hata siku moja, kwa kisingizio chochote. Ncha za kisu zina ubawa uliopinda juu unaovuta hewa na kusimamisha nyasi. Ubawa mrefu hufaa nyasi za unyevu, lakini kwenye udongo wa kichanga, kama ule wa mwambao, hunyonya mchanga na kujitafuna wenyewe. Hapo chukua kisu chenye ubawa mfupi. Makali yawe ya jembe lililonolewa vizuri, si ya wembe, kwa sababu wembe hujikunja kwenye jiwe la kwanza. Ukimaliza kunoa, tundika kisu kwenye msumari ukutani kupitia tundu lake la katikati. Upande ukishuka, ndio mzito, unyolewe kidogo mpaka kisu kibaki kimelala sawa. Kisu kisicho na mizani hutikisa beringi kila sekunde ya kazi, na uharibifu huo hauonekani mpaka siku beringi inapolia.

Kisu kikigonga kitu kigumu, usiendelee kana kwamba hakuna lililotokea. Zima injini, toa ufunguo, chomoa waya wa plagi. Mashine ikiwa mahali tambarare, zungusha kisu kwa mkono uliovaa glavu, pima kutoka ncha moja hadi sakafuni, kisha leta ncha ya pili mahali palepale upime tena. Zikitofautiana zaidi ya milimita 3, kuna kilichopinda. Funga kisu kipya upime upya: tofauti ikiisha, kosa lilikuwa la kisu, na ikibaki, shafti ndiyo imepinda. Kisu kilichopinda hakinyooshwi kwa nyundo wala hakichomelewi. Ukiletewa kilichochongwa kutoka bapa la springi ya gari, kikatae, kwa sababu chuma hicho ni kigumu na kinaweza kuvunjika vipande kikiwa katika mwendo.

Giaboksi ndiyo sehemu inayowapoteza wanunuzi wengi, kwa kuwa dukani zote huonekana sawa. Ya gia za kawaida ni imara na fundi yeyote wa trekta ataielewa, ila hulazimisha kusimama ili kubadili mwendo. Ya haidrostatiki huendesha magurudumu kwa msukumo wa oili. Dereva hupunguza na kuongeza mwendo kwa kanyagio bila kugusa klachi, jambo ambalo kwenye mashimo ni faida kubwa. Tatizo ni kwamba zile ndogo zilizofungwa kabisa, zisizo na filta ya nje wala pa kubadilishia oili kwa urahisi, hazikuundwa kwa mlima. Oili ikipata moto huwa nyepesi, msukumo hupungua, na mashine iliyopanda vizuri saa mbili asubuhi hukataa kupanda saa nne. Kwa mteremko tafuta yenye filta inayobadilishwa, na feni yake pamoja na mapezi yake ya kupozea yasafishwe majani kila siku. Levya ya kuachia giaboksi, ile inayotumiwa kuisukuma mashine kwa mikono, isiguswe mlimani: ikivutwa, mashine haishikwi tena na giaboksi. Ukipata yenye kufuli ya difu, ichukue. Kwenye mashimo gurudumu moja la nyuma huning'inia mara kwa mara, na bila kufuli nguvu yote huishia kwenye gurudumu hilo linalozunguka hewani.

Tairi zenye meno makubwa hushika mteremko kuliko zile laini za bustani, na kama uwanja ni mbovu hiyo mikwaruzo kwenye nyasi si hasara ya kuzungumzia. Penye migunga, weka tyubu pamoja na dawa ya kuziba matundu. Upepo uwe mdogo, psi 10 hadi 14 kwa mashine nyingi. Fundi wa pancha aliyezoea magari hujaza 30, na matokeo yake mashine hurukaruka na visu kunyoa udongo. Ikiwa tairi mbili za nyuma zina upepo tofauti, deki hulala upande, na watu huhangaika kurekebisha deki wakati kosa liko kwenye vali.

Kuhusu injini nitakuwa mfupi. Briggs & Stratton, Kohler, Kawasaki na Honda zote hudumu zikitunzwa; chagua ile ambayo filta na plagi zake zinapatikana mjini kwenu. La muhimu zaidi ni mwinuko wa mahali. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 305 juu ya usawa wa bahari. Arusha, kwenye mita 1,400, ni kama asilimia 16. Eldoret, kwenye mita 2,100, ni kama asilimia 24. Farasi 20 waliouzwa Mombasa wakifika Eldoret wamebaki kama 15. Kabureta isiporekebishwa huko juu, petroli huzidi hewa na plagi huwa nyeusi. Palipo na mteremko chagua injini yenye pampu ya oili na filta yake, si ile inayorusha oili kwa kijiko ndani ya injini, kwa sababu inapoinama kijiko kinaweza kukosa oili.

Kabla ya kulipa, piga hesabu ya eneo. Deki ya inchi 42 ikikata sentimita 97 baada ya kupishana kidogo na mstari uliopita, kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa ambao ndio unaofaa mahali pabovu, inamaliza ekari moja kwa saa moja na kidogo. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 huchukua kama saa 2 ukijumlisha kugeuka. Chini ya ekari moja mashine ya kukalia haina haki ya kununuliwa. Na pale nyasi zinapokatwa mara mbili tu kwa mwaka zikiwa ndefu, kinachotakiwa si mashine hii bali fyekeo la trekta. Visu vyake vimefungwa kwa bawaba, hivyo vikikutana na kisiki hurudi nyuma badala ya kupasua shafti. Shule tatu za jirani zikikodi trekta moja lenye fyekeo mwanzo na mwisho wa mvua, kisha vibarua wakamalizia kingo, zitakuwa zimetumia akili kuliko ile iliyonunua mashine ya peke yake na kuiegesha mbovu. Pia kuna ng'ombe wa kufikiriwa. Kiambu au Kilimanjaro, nyasi zilizokatwa kwa fyekeo ni lishe yenye bei. Zilizosagwa na mashine huchacha upesi na huweza kuwa na vipande vya plastiki, hazifai zizini. Anayefuta kazi ya mfyekaji aiweke hasara hiyo kwenye hesabu, pamoja na mshahara wa mtu anayemjua.

Matunzo hufuata saa za kazi, si tarehe. Uwanja wa ekari 4 unaokatwa kila wiki hufikisha saa 50 ndani ya miezi 3 hivi, na hapo oili ya injini ibadilishwe. Kwa injini mpya mara ya kwanza ni baada ya saa 5 hadi 8. Kila saa 25 pita na grisi kwenye shafti na magurudumu ya mbele, na usafishe sponji ya filta ya hewa, mapema zaidi palipo na vumbi. Adui mkubwa wa injini inayopozwa kwa hewa ni majani makavu na viota vya panya chini ya kifuniko cha feni. Injini hukaangika huku kipimo cha oili kikionyesha kila kitu ni salama, kwa hiyo kifungue kifuniko hicho angalau mara moja kwa msimu. Chini ya deki kwangua kwa kipande cha ubao siku ileile ya kazi, kabla majani hayajakauka. Pampu ya kuoshea magari isielekezwe kwenye beringi, kwa sababu husukuma maji kupita sili.

Mkanda ni hadithi ya peke yake. Wa mashine ya nyasi una nyuzi za aramidi ndani na gamba linalovumilia kuteleza kila visu vinapowashwa. Wa mashine ya kusaga unaopatikana duka la vifaa unaweza kuwa na upana na urefu uleule, ukaingia vizuri, halafu ukavutika au kuungua baada ya siku chache, lawama zikaangukia puli. Nakili namba zilizochapwa mgongoni mwa mkanda mashine ikiwa mpya, maana hufutika, na uweke wa akiba mmoja.

Liko jambo moja ambalo sitalizungumza kwa upole. Chini ya kiti kuna swichi inayozima injini au visu dereva anapoinuka. Kwenye mashimo kiti hurukaruka, injini hukatika, na fundi hutatua kwa kuunganisha nyaya mbili. Tangu siku hiyo dereva akianguka, visu vinaendelea kuzunguka. Swichi yenye hitilafu inunuliwe upya, springi ya kiti irekebishwe, mwendo upunguzwe. Shuleni mashine isiwashwe watoto wakiwa uwanjani, na asiwepo mtoto wa kupakatwa kwa raha ya safari. Yenye nguzo ya kumkinga dereva inapopinduka hutumika mkanda ukiwa umefungwa na nguzo ikiwa imesimama. Nguzo ikilazwa, mkanda nao ufunguliwe.

Kwa anayenunua iliyotumika, muuzaji asikuwashie ikiwa tayari ina joto. Gusa injini kwanza, iwe baridi, kisha itazame inavyowaka na moshi wake una rangi gani. Shika ncha ya kisu, injini ikiwa imezimwa, uitikise juu na chini: ikicheza, beringi zimekwisha. Dunda chini ya deki kwa bisibisi kutafuta kutu iliyojificha nyuma ya rangi mpya. Inua pua ya mashine uone kama ekseli ya mbele inacheza kwenye pini yake. Halafu ikate nyasi kwa nusu saa nzima, usikubali dakika tano, na mwisho ipandishe mlima ikiwa na dereva mzito. Iliyopanda baridi ikagoma ikiwa na moto, giaboksi yake imechoka, na bei ya giaboksi nyingine iulizwe kabla ya kuzungumza bei ya mashine.